Kiu ya Mfereji wa Kale

Siagi ndiyo iliyoanza kunuka tope. Winifred Thurlow aliionja kwa ncha ya kisu, akaitema kwenye sinki, akasema ni joto. Mwaka huo wa 1976 Suffolk nzima, mashariki mwa Uingereza, ilikuwa imekauka na vyakula viliharibika kila siku.

Kesho yake akakuta ute juu ya mkate. Ulikuwa mstari mmoja mpana kama kidole gumba, unang'aa, kana kwamba kitu kimepita hapo kwa tumbo.

"Konokono," alisema mumewe, Edgar. Akaupangusa kwa kidole, halafu akakilamba kidole.

"Edgar."

"Nini?"

"Umelamba."

"Sijalamba mimi," akasema, na uso wake ulionyesha anaamini asemacho.

Mambo yalikuwa yameanza Jumamosi iliyotangulia. Shambani kwao kulikuwa na handaki la maji la mraba lililozunguka kiwanja kitupu, mahali pa jumba la bwana fulani wa zamani. Ukame ulikuwa umekausha majani ya malisho kwa rangi tofauti tofauti, na upande wa chini wa handaki ikaonekana mipaka ya mabwawa matatu ya kufugia samaki, yaliyofukiwa tangu zamani, pamoja na mifereji yake. Mtaalamu wa mambo ya kale, Bi Rosalind Ames, akaja kuchimba. Kwenye mfereji mkubwa alikuta ubao wa mwaloni, mzima baada ya miaka mia sita.

"Usiuguse, Bwana Thurlow, mpaka nirudi Jumatatu niupige picha," alimwambia Edgar. "Kuna jambo silielewi. Ubao wa kuzuia maji huzibwa kwa udongo upande maji yanakotoka tu. Huu wameushindilia udongo pande zote mbili."

Lakini ng'ombe wa Edgar walikuwa wanalia kwa kiu, na udongo nyuma ya ubao ulikuwa na unyevu. Akaung'oa kwa mnyororo na trekta. Yalitoka maji machache, meusi, mazito. Ng'ombe waliyanusa wakarudi nyuma. Edgar akawacheka, akapiga magoti, akayanywa kwa viganja kuwaonyesha kwamba ni maji tu.

Ndani ya wiki mbili tumbo lake lilijaa na shingo yake haikukauka tena. Ukimshika, mkono unateleza. Pumzi yake ilinuka kama ndoo ya samaki iliyosahaulika juani, na Winifred, aliyelala kitanda kimoja naye kwa miaka ishirini na sita, alijifunza kulala amempa mgongo. Mchana mmoja alimkuta kwenye chumba cha maziwa, kidevu kimezama ndani ya ndoo, anavuta maziwa bila kumeza, koo limetulia tuli, na maziwa yanapungua. Mezani siku hiyo hiyo, kitu kilisogea chini ya shati lake, kutoka mbavuni hadi kitovuni, polepole, kama mtu anayegeuka kitandani.

Winifred akatapika kwenye aproni. Kisha akaenda kumwita Bi Pask, ajuza aliyetibu chunjua na majeraha ya moto pale kijijini.

Bi Pask alitega sikio kwenye tumbo la Edgar. Alipoinuka, alilipangusa sikio mara mbili.

"Pepo wa bwawa," akanong'ona. "Waliofunga ule ubao hawakuwa wanazuia maji, mwanangu."

"Anatolewaje?"

"Kwa kiu. Mlishe nyama ya nguruwe ya chumvi, usimpe hata tone kuanzia alfajiri. Jioni tumlaze mferejini, pepo asikie maji. Atakuja kunywa mwenyewe."

"Kwa joto hili utaniulia mume, Bi Pask."

"Anaweza kufa. Ukimwacha, wiki ijayo hutakuwa na mume wa kufa."

Alfajiri iliyofuata walimlisha ile nyama, wakamfunga kitini. Kufika adhuhuri midomo yake ilikuwa imepasuka, naye aliomba kwa sauti yake ile ile ya kila siku, "Winnie, funda moja tu, mke wangu, ni mimi," na Winifred hakujua ni nani anayeomba, akasimama ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili ili mikono hiyo isiende bombani, akihesabu vigae vya sakafu, akikosea, akianza upya, huku yule mtu kitini akilia bila machozi na tumbo lake likipanda na kushuka bila kufuata pumzi zake.

Jioni, jua likiwa bado kali, walimlaza kifudifudi ukingoni mwa mfereji, Bi Pask akawa anamimina maji kidogo kidogo kutoka kwenye kopo mpaka chini penye tope. Taya la Edgar likafunguka kupita kiasi, na kikatoka kichwa butu kisicho na macho, cheupe kama nyama iliyolowekwa muda mrefu, kikanusanusa, kikashuka kuelekea mlio wa maji, na mwili ukafuata, mnene kama mkono wa Winifred, wenye ute na vipande vya nyama ya chumvi visivyosagika, ukizidi kutoka na kutoka, koo la Edgar likitanuka na kusinyaa, mpaka Winifred akang'ata ngumi yake asipige kelele.

"Usimguse mpaka mkia utoke," Bi Pask alinong'ona. "Akikatika, kipande kitaota."

Mkia ulipoangukia majini na kile kitu kikajiburuta kwenye shimo lake, walisukuma ubao mahali pake wakashindilia udongo pande zote mbili, kwa koleo, kisha kwa miguu.

Edgar alikunywa maji vikombe vitatu. Shingo yake ilikuwa imekauka. Winifred alimkumbatia na kwa mara ya kwanza hakuziba pua.

"Winnie," akasema kwa shida. "Kulikuwa na mwingine. Mdogo. Alitoka juzi, ulipokuwa umelala."

"Akaenda wapi?"

Edgar aliitazama midomo ya mkewe, kisha akatazama pembeni.

Bi Pask alikuwa ameshashika baiskeli yake.

"Bi Pask," Winifred akasema taratibu, "usiende nyumbani kwanza."