Damari Atafutiwa Shule

Kila asubuhi, Damari alipomaliza kuchota maji na kufagia uwanja, alimpitia rafiki yake Redempta wakaenda shuleni pamoja. Kijiji chao, Juhudi, kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu watu wahamie kutoka kwenye makazi yao ya zamani. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara iendayo Kiomboi, na nyingine zilikuwa bado hazijakandikwa udongo upande wa nyuma. Shule peke yake ndiyo iliyoezekwa kwa bati.

Darasani waliketi dawati moja, la pili kutoka nyuma. Mwalimu Filipo, aliyekuwa mwalimu mkuu, aliandika hesabu ubaoni. Redempta alizinakili, na Damari alinakili kutoka kwa Redempta.

"Hiyo ni saba au moja?" alinong'ona.

"Saba. Andika upesi, anafuta."

Hakuna mtu mwingine aliyejua. Tangu darasa la tano, Damari aliona vizuri vitu vya karibu tu. Kitabu alikisoma bila shida, lakini ubaoni aliona michirizi myeupe isiyosomeka. Masomo ya kusikiliza aliyaweza sana. Hesabu zilimshinda, maana Mwalimu Filipo alizifundisha kwa chaki, akisema, "Hii itoe hapa, ipeleke pale," na Damari hakuiona hapa wala pale.

Hakumwambia baba yake, na sababu ilikuwa Lea, binti wa baba yake mkubwa. Lea alipougua macho akiwa darasa la nne, wazee wa ukoo walikaa wakaamua aache shule. Siku hiyo Damari alimsikia baba yake, Zefania, akisema, "Mtoto asiyeona vizuri atasoma nini? Abaki nyumbani amsaidie mama yake." Lea akabaki. Damari akaapa moyoni kwamba yeye hatabaki, hata kama ingebidi asimwambie mtu yeyote.

Matokeo ya darasa la saba yalikuja Desemba, watu wakiwa katika shamba la kijiji wakipanda mtama. Siku zile nafasi katika sekondari za serikali zilikuwa chache mno. Kati ya wanafunzi thelathini na wanane wa Juhudi, walichaguliwa wawili, na mmoja wao alikuwa Redempta. Damari hakuchaguliwa.

Mwalimu Filipo alimfuata Zefania palepale shambani. "Mzee Zefania, mtoto wako ananishangaza," alisema. "Kiswahili amefanya vizuri kuliko wote. Hesabu ndizo zimemwangusha. Ni kama hakufundishwa kabisa."

Zefania alisimamisha jembe lake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye mwenyewe alijifunza kusoma akiwa na ndevu, katika madarasa ya jioni ya watu wazima, na siku alipoweza kusoma jina lake hakulala kwa furaha. "Kama serikali haina nafasi, tutamtafutia shule ya binafsi," alisema. "Atasoma."

Jioni hiyo walizungumza wakila ugali wa uwele kwa mlenda. Dorika, mama yake Damari, alikuwa amesikia habari za shule mbili. Ya kwanza ilikuwa nje kidogo ya mji wa Singida, upande wa Unyambwa, nayo iliitwa Maendeleo. Ya pili ilikuwa ya bweni, ya kanisa, mahali paitwapo Isenga, ng'ambo ya Kiomboi.

"Ila hiyo ya Isenga wanafanya mtihani kwanza ndipo wanampokea mtoto," Dorika alisema. "Na wanalima kila siku."

"Mimi nataka ya mjini," Damari akasema haraka.

"Kwa nini?"

"Ina majengo mazuri. Watu wanasema."

Hakutaja mtihani. Zefania alinawa mikono, akamtazama binti yake. "Sitampeleka mtoto wangu mahali nisipopakanyaga," alisema. "Tutaziona zote mbili."

Januari, shule zilipofunguliwa, Zefania aliuza fahali mmoja kwa ajili ya ada. Alivaa shati lake la kwendea kanisani, wakapanda basi litokalo Kiomboi kwenda Singida. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, na mara mbili abiria walishuka kulisukuma.

Shule ya Maendeleo ilikuwa nzuri kweli. Kuta zilipakwa rangi nyeupe juu na buluu chini. Mkuu wa shule aliwakaribisha ofisini kwa heshima, wakakalia viti vyenye mito.

"Nafasi ipo, mzee wangu," alisema. "Lipa ada ya muhula, na Jumatatu binti anaanza."

"Humuulizi chochote?"

"Nimuulize nini? Amemaliza darasa la saba. Inatosha."

Damari alishusha pumzi. Zefania aliomba mtoto aketi kidogo darasani aone masomo yanavyokwenda. Mkuu wa shule alikubali. Damari akapewa nafasi nyuma kabisa, kati ya wanafunzi zaidi ya sitini. Mwalimu aliingia, akachora na kuandika ubaoni bila kusema neno, kisha akatoka nje. Wanafunzi wakanakili. Damari alitazama mbele kama wenzake, hakuona kitu.

Walipotoka, baba yake alimuuliza, "Mmesoma nini?"

"Historia," Damari alijibu.

Walitembea mpaka kituo cha mabasi. Hapo ndipo Zefania aliposema, "Nilisimama dirishani. Mwalimu alichora mbegu ya haragwe inavyoota, mzizi chini na majani mawili juu. Hata mimi nimeiona. Historia iko wapi hapo?"

Damari alitazama miguu yake. "Sikuwa makini, baba."

"Shule hiyo unaitaka, na somo la kwanza tu hukuwa makini?" Hakumgombeza zaidi. Lakini njia nzima alikuwa akimtazama kwa pembeni, kama mtu anayetafuta kitu asichokijua.

Juma lililofuata walikwenda Isenga. Hapakuwa na rangi ukutani. Wanafunzi walikuwa wakipalilia alizeti, na mwanamke mwenye kitambaa kichwani alitoka katikati yao huku akikung'uta udongo mikononi. Alikuwa Mwalimu Theodora, mkuu wa shule.

"Shikamoo, mwalimu," Damari alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa mtihani? Ingia, wenzako wanakungoja. Mzee, wewe keti hapo barazani."

Watoto kumi na sita walikuwa ndani, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya nyuma. Damari alitegemea kupewa karatasi yenye maswali. Badala yake Mwalimu Theodora aliwagawia karatasi tupu.

"Karatasi hazitoshi kuandikia maswali," alisema. "Nitaandika hesabu kumi ubaoni. Mna saa moja."

Chaki ikaanza kukwaruza. Kulia kwake aliketi msichana aliyeandika kwa herufi kubwa za wazi, na karatasi yake haikuwa mbali. Damari akatupa jicho. Akanakili swali la kwanza, na bila kukusudia akanakili na jibu. Akanakili la pili. Ilikuwa rahisi sana, kama siku zote.

Kisha akafikiri: atapita leo, lakini kesho atakaa na nani? Na kesho kutwa? Miaka minne ataomba macho ya mwenzake? Redempta alikuwa amekwenda kwenye shule yake, na Damari alikuwa ameketi hapa akijua hesabu za darasa la nne. Kuficha hakukumwokoa. Kulikuwa kumeshamkosesha nafasi moja.

Alifuta majibu yote mawili kwa kidole chenye mate mpaka karatasi ikatoboka. Akainua mkono.

"Mwalimu," alisema. "Sioni ubaoni."

Watoto wote waligeuka. Mmoja akacheka. Mwalimu Theodora aliweka chaki chini. "Njoo mbele."

Damari akasogea hadi dawati la kwanza. Bado hakuona. Akasogea tena, mpaka pua yake ikawa hatua moja tu kutoka ubaoni. Hakuna aliyecheka tena.

"Simama hapo ufanye," mwalimu alisema kwa upole. Akampa kitabu kikubwa cha kuegemezea karatasi, naye Damari akafanya mtihani wote amesimama.

Alipata mbili kati ya kumi.

Mwalimu Theodora alimwita Zefania ndani, akamweleza. Zefania alimgeukia binti yake. "Tangu lini?"

"Tangu darasa la tano, baba."

"Miaka mitatu! Kwa nini hukuniambia?"

Damari alianza kulia. "Ulisema mtoto asiyeona vizuri atasoma nini. Ulisema hivyo kwa dada Lea. Nilijua ukijua utaniachisha."

Zefania alivua kofia yake akaishika kwa mikono miwili. "Ni kweli," alisema. "Nilisema. Nilikosea, Damari. Nilimkosea Lea, na kumbe nilikukosea na wewe." Akamgeukia mwalimu. "Sasa tufanye nini?"

"Leo siwezi kumpokea," Mwalimu Theodora alijibu. "Nikimwingiza hivi, nitakuwa nimechukua ada yako bure. Mpeleke hospitali ya Kiomboi, apimwe macho. Halafu ajifunze hesabu alizozikosa. Nafasi moja nitaishika mpaka mwisho wa Februari. Akija, atafanya mtihani upya, na sitampunguzia."

Walipokuwa njiani kurudi, Zefania alisimama ghafla. "Ile shule ya mjini itakupokea hata Jumatatu," alisema. "Hii inakufukuza ukahangaike mwezi mzima, na huenda usipite. Wewe ndiye utakayesoma. Unasemaje?"

Damari alifuta uso kwa upindo wa gauni. "Kule nilikaa darasani sikuona kitu, na hakuna aliyejua," alisema. "Huku wamejua. Nataka hii, baba."

"Basi tusipoteze siku," Zefania alisema, akaanza kutembea kwa hatua ndefu.

Walikwenda hospitali siku mganga wa macho alipokuja, na hawakwenda wawili. Zefania alipita kwa kaka yake, akamwomba radhi kwa ushauri wake wa zamani, akamchukua na Lea. Macho ya Lea yalikuwa na ugonjwa wa kope, yakapata dawa. Jicho moja lilibaki na kovu, lakini maumivu yaliisha, na mwaka huohuo alirudi darasa la nne bila kujali kwamba alikuwa mrefu kuliko wote. Damari alipimwa, na baada ya wiki mbili akapata miwani. Siku ya kwanza alipoivaa, alisimama ukingoni mwa shamba akamwona mama yake mbali kwenye mtama. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, alimtambua kwa uso wake, si kwa rangi ya kitenge.

Mwalimu Filipo alimfundisha kila alasiri baada ya kazi za shamba la kijiji. Walianzia hesabu za sehemu za darasa la tano, kama mtoto mdogo. Watoto wengine walichungulia dirishani wakimwita Bibi Miwani. Damari alikasirika siku mbili za kwanza. Siku ya tatu akawaambia, "Haya, Bibi Miwani ana hesabu. Ondokeni kwenye mwanga," akaendelea. Alipokosea, Mwalimu Filipo alifuta, akaanza tena, na Damari hakuondoka mpaka apate. Wakati mwingine alirudi nyumbani ana chaki mpaka kwenye nyusi.

Februari ilipokaribia kwisha, Zefania na binti yake walikwenda tena Isenga. Safari hii Damari aliketi dawati la nyuma, akasoma maswali yote kutoka hapo. Swali la saba lilimtoa jasho. La tisa hakuliweza kabisa. Alipotoka nje, barazani alimkuta baba yake amesimama, ingawa kiti kilikuwepo.

Mwalimu Theodora alisahihisha palepale, kalamu nyekundu mkononi. "Saba kati ya kumi," alisema. "Wanaopita ni wa kuanzia sita. Karibu Isenga."

Zefania alicheka kwa sauti mpaka wanafunzi waliokuwa shambani wakageuka.

Mwalimu Theodora alingoja anyamaze. Kisha akamwambia Damari aketi, naye baba yake aketi.

"Nataka mnisikilize kabla hatujaandikisha jina," alisema. "Damari, ulificha shida yako kwa kuogopa kuachishwa shule. Naielewa hofu hiyo. Lakini angalia ilivyokugharimu: miaka mitatu, na nafasi ya serikali. Siku uliyosema kweli mbele ya watu ndiyo siku ulipoanza kusaidiwa. Hapa utakutana na mambo mengi magumu. Usipoyaelewa, usinyamaze. Sema siku hiyohiyo."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe, mzee. Wazazi wengi huja hapa kutazama majengo. Wewe ulikuja kutazama masomo, na hukukata tamaa nilipokukatalia. Ulifanya vizuri. Lakini mtoto hawezi kumwambia kweli mzazi anayemwogopa. Shule yoyote utakayomchagulia, msikilize kwanza yeye mwenyewe."

Zefania aliinamisha kichwa. "Nimekusikia, mwalimu," alisema. "Na nyumbani nitawaambia wazee wa ukoo."

Mwalimu Theodora alifungua daftari la wanafunzi, akachovya kalamu. "Haya, mwanangu. Jina kamili."

"Damari Zefania," alijibu, kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

Baada ya kuandikishwa, alimsindikiza baba yake hadi barabarani, wakaagana. Kisha akakunja mikono ya gauni lake, akachukua jembe, akawafuata wenzake kwenye alizeti.