Ukuta Uliomeza Vitambaa

Katika msongamano wa duka la vifaa vya ujenzi, mfuko wa chokaa ulipasuka, na gauni la njano la binti mshona nguo likageuka jeupe.

"Samahani dada, nimekupaka," alisema fundi wa lipu.

"Basi malizia kazi. Njoo upake na sebule yetu."

Akaja. Binti alitaka lipu ya kukwaruza, ile isiyo laini, inayoficha mabonde ya ukuta. Fundi aliirusha kwa mwiko, kisha, ikiwa bado mbichi, akaipitishia brashi ngumu hadi ikafanya mawimbi.

"Fundi wangu, ukuta unaupapasa kuliko mimi!"

"Ukuta haunijibu jeuri, mpenzi."

Wakapendana. Fundi akaahidi kwamba Jumamosi shangazi yake angekuja kumposea.

Ijumaa mchana fundi aliingia bila salamu. Akagonga ukuta kwa mpini wa mwiko. Ko. Ko. Kisha mlio mtupu, kama wa mtungi. Akashika nyundo, akaanza kubomoa.

"Wewe! Kama umebadili nia, sema! Usituvunjie nyumba!"

"Mpenzi, ukuta huu una..."

"Toka!"

Alitoka. Simu ikalia, binti akaikata. Ikalia tena, akaifudikiza. Akapiga magoti asali, lakini maneno hayakupanda: nyuma ya mawimbi ya lipu, mchanga ulikuwa ukichuruzika, taratibu, kama pumzi ya mgonjwa. Palipobomolewa, ncha ya kitambaa cha kijani ilichungulia.

Aliijua. Kabla fundi hajaanza, alikuwa ameusindilia ufa mpana uliokuwa ukutani kwa mabaki ya nguo na kuupaka saruji, asije akaambiwa ukuta ujengwe upya kwa pesa wasizokuwa nazo. Na nyuma ya ukuta huo mama yake mgonjwa alikuwa amelala.

Alipiga simu. "Ni mimi niliyeuziba ufa."

"Mama yuko wapi?" fundi aliuliza.

"Chumbani, kalala."

"Mtoe. Usibamize mlango. Nipo hapo nje, sikwenda popote."

Walimbeba wawili. "Mnanizika na hali nasema?" mama alifoka. Hawajavuka barabara, ukuta uliporomoka ndani na dirisha likatapika vumbi jeupe, likawafunika wote watatu.

"Mungu ametuona," alinong'ona binti. "Shangazi tutampokea wapi kesho?"

"Hapahapa barabarani. Nakuoa hata bila paa. Lakini niambie, kuna ufa mwingine ulionificha?"

Binti aliangalia vidole vyake. "Upo. Chumbani kwangu."

Fundi akamshika mkono, akaukaza. Ndani ya nyumba, kitu kilianza tena kuchuruzika.