Pikapu ya Mama na Viazi vya Lumbesa

Sekela alikaa juu mlimani, kwenye baridi na ukungu. Alikaa na Mama, na pikapu ndogo ya kijani. Pikapu hiyo waliiita Kadogo.

Kila siku ya gulio, Kadogo ilibeba viazi kwenda sokoni. Tiri-tiri-tiri, ikashuka mlima. Sekela alikaa mbele na Mama, mkanda kifuani, akijiona bibi mkubwa.

Jirani yao aliitwa Tusa. Baba yake Tusa alikuwa na lori. Lori refu! Lori jekundu! Magunia yake yalipita paa la nyumba.

"Letu linabeba mengi," alisema Tusa. "Lenu linabeba kiduchu!"

Wivu ukamchoma Sekela. Chom! Chom! Chom!

"Mama, mbona sisi tunabeba kidogo?"

Mama akagonga kibao kidogo mlangoni mwa pikapu. Ko-ko-ko. "Hapa pameandikwa uzito ambao Kadogo inauweza. Tukizidisha, inaumia."

"Na kile kiroba cha viazi? Mbona kila gulio unakiacha chini?"

"Nina sababu yangu," alisema Mama, akacheka.

Sekela hakucheka. Alinuna mpaka midomo ikachomoza. Wivu bado ulimchoma. Chom! Chom! Chom!

Siku ya gulio ikafika. Mama aliingia jikoni kunywa chai. Mjomba Ambwene alibaki nje akipakia magunia.

"Mjomba," alisema Sekela, "leo tufanye lumbesa!"

Lumbesa unaijua? Gunia limejaa, lakini hutosheki. Unalishonea wavu juu ya mdomo, unajaza tena, mpaka linaota nundu.

"Mama yako kasema?" aliuliza Mjomba.

"Ndiyo," alisema Sekela.

Ala! Mama hakusema.

Mjomba akajaza, akashona. Kila gunia likaota nundu.

"Yapange nyuma kabisa," alisema Sekela, "Tusa ayaone vizuri! Na kiroba nacho kipande juu!"

Springi zikalia. Nyeee! Nyeee!

Ukungu ulikuwa mzito asubuhi ile. Mama hakuona nundu, hakuona kiroba. Akapanda na Sekela, akawasha gari. Tiri... tiri... tiri...

Kadogo ikachuchumaa nyuma kama kuku anayetaga. Pua yake ikainuka juu.

Mama akazungusha usukani kushoto. Kadogo haikwenda kushoto. Ilikwenda mbele, mbele, mpaka kwenye migomba!

Mama akakanyaga breki. Kwiii!

Wakashuka. Mama akazunguka nyuma, akaona. "Hee! Nani kaongeza mzigo?"

Mjomba akamtazama Sekela. Sekela akatazama viatu vyake.

"Ni mimi, Mama. Nilimdanganya Mjomba. Nilimwonea Tusa wivu."

Mama alivuta pumzi. Alikuwa ameogopa.

"Sikiliza, mwanangu. Uzito wote ukikaa nyuma, magurudumu ya mbele hayakanyagi chini vizuri. Yasipokanyaga vizuri, hayasikii usukani. Barabarani tungeanguka."

"Na kiroba?" aliuliza Sekela kwa sauti ndogo.

"Kadogo inabeba viazi, na inabeba watu pia. Wewe nawe una uzito. Kila gulio naacha kiroba kimoja chini, ili wewe upande."

Sekela akakitazama kiroba kule juu. Kilikuwa kimekalia nafasi yake! Machozi yakamtoka.

"Kishushe, Mama! Nataka kwenda na wewe."

Kiroba kikashuka. Nundu zikafunguliwa, viazi vikarudi chini. Bubu-bubu-bubu! Magunia yakasogezwa mbele, na pua ya Kadogo ikatulia.

Tusa alikuwa amesimama kwenye migomba, akitazama.

"Mimi Baba hajawahi kunipeleka gulioni," alisema. "Lori likijaa, mimi nabaki. Nakuonea wivu, Sekela."

Kumbe! Wivu ulimchoma Tusa pia. Chom! Chom! Chom!

Sekela akafikiri. Akamvuta Mama kanga.

"Mama, gulio lijalo tuache viroba viwili chini?"

Mama akamtazama Tusa. Akakitazama kibao cha mlangoni. "Haya. Viwili."

Tusa akaruka, akashangilia. Na wivu? Ukatoka mbio, wala haukuaga.

Tiri-tiri-tiri! Mama akazungusha usukani kushoto. Kadogo ikaenda kushoto.

Jioni walirudi, Kadogo tupu, Sekela kasinzia. Mama akamshusha, akambeba mgongoni mpaka kitandani.

"Uuu! Mzito wewe!"

Sekela akafungua jicho moja. "Nimezidi, Mama?"

Mama akamfunika blanketi.

"Hujazidi, mwanangu. Hujazidi hata kidogo."