Hisa Iliyoitwa Kibibi

Soko lilipofunguliwa asubuhi, mchuuzi wa hisa alikuta kwenye kompyuta yake hisa moja ambayo hakuinunua. Haikuwa na jina la kampuni. Iliandikwa KIBIBI tu, na hilo ndilo jina la utani la mama yake, aliyekuwa mgonjwa kitandani chumba cha pili.

"Umegusa kompyuta yangu?" alimuuliza mkewe.

"Nimguse mke mwenzangu? Sithubutu!"

Wakacheka. Saa nne mama akakohoa, na mstari wa bei ukashuka. Akakohoa tena, ukashuka tena. Akavuta pumzi, ukapanda. Harufu ya udongo uliolowa ikajaa chumbani, na nje jua linawaka.

Mkewe aliusikiliza ukuta, akautazama ule mstari.

"Usiiuze," alinong'ona.

"Siiuzi. Nikiuza kuna atakayeinunua, na hatumjui ni nani."

"Basi iache ilale hapo hapo."

Lakini kwa miaka kumi hisa haikuwahi kulala kwake. Siku zote alinunua asubuhi, akauza zote kabla ya soko kufungwa, na vidole vyake vilishazoea hivyo. Ilipofika saa kumi kasoro dakika mbili akaanza kuuza zake za siku ile, ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku kikohozi kikizidi ukutani na harufu ikimzonga na mkewe akimwita kwa sauti ya chini asiyoisikia tena, kidole kikiteremka mstari kwa mstari kama kila siku, mpaka alipokiona kimeshabonyeza na ule wa mwisho.

KIBIBI. Imeuzwa. Mnunuzi alipatikana papo hapo.

Kikohozi kikakatika.

Kabla hajainuka kitini, mlango wa chumba cha pili ulifunguka. Mama, ambaye mwezi mzima hakukanyaga sakafu, alitoka kwa miguu yake, mgongo umenyooka.

"Mama amepona!" Mkewe aliangua kilio cha furaha.

Mama hakumtazama. Alikuja moja kwa moja, na ile harufu ikaja naye, akamwekea mwanawe mkono begani. Mkono ulikuwa baridi. Tangu amzae hakuwahi kumwita ila "baba".

"Dalali," alisema taratibu, macho yakiwa kwa yule mke, "kesho tunafungua saa ngapi?"