Betri ya Sabiri Imehamia Sindeni

"Wewe! Unataka kuniua?"

Hajira aliruka pembeni, furushi la vitenge likamponyoka na kuanguka vumbini. Asubuhi hiyo stendi ya Korogwe ilifurika watu, makondakta wakigombea abiria kwa kelele, na pikipiki ile ilikuwa imemfikia mgongoni bila hata kunguruma.

"Samahani, dada'angu. Hii ni ya umeme, haina mlio."

"Na honi je, umeiacha nyumbani?"

Kijana akacheka. Alikuwa mrefu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo kwa bodaboda si la kawaida hata kidogo. Akaviokota vitenge, akavipangusa, akampakia Hajira hadi kwenye kibanda chake cha ushonaji, mtaa wa Manundu. Walipofika, badala ya kudai nauli, akauliza kwa haya kama anaweza kuchomeka betri yake mpaka adhuhuri.

Ndivyo Sabiri alivyoingia maishani mwa Hajira, kupitia soketi ya ukutani. Wenye pikipiki za umeme mjini hapo hawana kituo. Kila mmoja ana mahali pake pa kuchajia, iwe saluni, dukani au kwa mama lishe, na hapo ndipo anaposhinda betri ikijaa. Haikuchukua muda, wateja wakazoea kumkuta Sabiri kwenye benchi la Hajira akikunja nguo zilizokwisha kushonwa.

"Betri imejaa, baba. Nenda kazini."

"Imejaa yenyewe. Mimi bado."

"Hebu toka hapa! Mashavu yananiuma kwa kucheka."

Alimpenda, wala hakuficha. Alikwisha kuamua kwamba huyu ndiye mume. Kilichobaki ni posa kufika kwa baba yake, Handeni.

Badala ya posa kwenda, betri ikaacha kuja. Sabiri akawa na safari kila siku, safari gani hasemi. Ndipo Getruda, muuza chipsi wa stendi, alipopita kibandani.

"Shoga, betri ya bwana'ako nimeiona jana Sindeni. Imechomekwa kwa Justa, yule mjane mwenye mgahawa. Na mwenyewe amekaa anakunywa chai kama mwenye nyumba."

Hajira akakata uzi kwa meno. Kwa watu wa Manundu, bodaboda wa umeme akihamisha betri, moyo nao umehama. Akapiga simu.

"Uko wapi, Sabiri?"

"Niko... nachaji, mpenzi."

"Sindeni?"

"Umejuaje? Sikia, nitakueleza jioni."

"Jioni yako na nani? Usiondoke hapo."

Akavaa dera lake la zambarau, akajitanda mtandio, akafunga kibanda na kupanda gari ya Handeni, ashuke Sindeni njiani. Kama ni kuachwa, ataachwa uso kwa uso.

Mgahawani kwa Justa alimkuta Sabiri amevaa kanzu. Kando yake alikaa mjomba wake, Mzee Shukuru, mwenye kofia iliyotarizwa, jasho likimtoka usoni. Justa mwenyewe, mwanamke wa umri wa mama yake Hajira, alikuwa akipepea jiko. Betri ilikuwa pale kwenye kona, taa ya chaja imezimika.

"Shikamoo, mzee," Hajira alisema kwa hasira.

"Marahaba, mwanangu. Haya, tumeumbuka."

Ikabidi Sabiri aseme yote. Mjomba, ambaye ndiye mshenga, alikuwa amempigia simu Mzee Mbwana, baba yake Hajira, kuomba kuleta posa. Mzee Mbwana akajibu kwamba hatoi binti kwa mtu wa pikipiki ya kuchezea. Ikiweza kumfikisha mshenga Handeni bila kupakiwa kwenye lori la fuso, waje Ijumaa baada ya swala, la sivyo wasije tena. Siku zote hizo Sabiri alikuwa akiijaribu njia. Ikibeba watu wawili, betri inaishia Sindeni, ndiyo maana akaomba kuchaji kwa Justa. Leo ndiyo Ijumaa yenyewe, na umeme umekatika.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeshindwa, ungeaibika kwenu."

"Ukaona bora niumie?" Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mtandio. Alikuwa na furaha na hasira kwa pamoja, na hakujua aanze na ipi. Akatoa simu.

Kwao binti hasemi katika posa yake mwenyewe. Mzee Shukuru alinyoosha mkono kumzuia, lakini alichelewa.

"Baba, shikamoo. Mshenga wa Sabiri yuko njiani. Umeme umekatika hapa Sindeni, watachelewa. Naomba uwasubiri."

"Sindeni? Na wewe unafanya nini huko?"

"Nimemfuata mume wangu, baba."

Justa akaacha kupepea jiko. Hajira akang'ang'ania simu bila kuomba radhi.

"Nitawasubiri," mzee alisema hatimaye. "Ila wewe rudi Korogwe sasa hivi. Wapi uliona bibi harusi akaja na posa?"

Simu ikakatika.

"Amesemaje?" Sabiri aliuliza, amesimama wima ndani ya kanzu yake.

"Amesema mimi ni bibi harusi," Hajira alijibu, akatoka barabarani kusimamisha gari ya Korogwe.