Koti la Mzee Ogweno

Panya kazi yake inajulikana: hutoboa, hutafuna, huacha mavi, basi. Lakini panya gani anayejua kugeuza koti ndani nje, mikono yote miwili, kisha akalirudisha kwenye hanga na kufunga vifungo?

Hilo ndilo alilojiuliza Mellen Jumatano asubuhi, alipofungua chumba cha nguo za kale katika makumbusho madogo ya Ndhiwa. Jana yake alikuwa amelitundika vizuri koti hilo la marehemu mzee Ogweno, kando ya blanketi lake na kigoda chake. Leo mishono ilikuwa nje. Akaligeuza, akaenda kunywa chai. Aliporudi mishono ilikuwa nje tena, na kwapani koti limelowa jasho bichi. Chumba kizima kilinuka tumbaku.

"Aah, hapana," akajisemea. "Saa nne hii. Wacha nikanyonyeshe mtoto."

Mtoto wake, Nyangi, alikuwa na miezi minne na hakutaka kabisa kusikia habari za chupa. Nyumbani ni ng'ambo ya soko tu, mwendo wa dakika kumi. Mellen akatoka mlangoni, akajikuta anatazama rafu za nguo.

Akageuka. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, jua limejaa uani, kuku wa jirani wanachakura. Akatoka tena, safari hii polepole, akiangalia miguu yake. Wa kulia ukakanyaga nyasi. Wa kushoto ulipofuata ukatua kwenye saruji baridi, mbele ya kigoda. Akatoka mbio, akatoka kinyumenyume, akatoka macho amefumba akilitaja jina la Yesu, na kila mara ni saruji ileile na kigoda kilekile.

Saa sita Filister, mama anayefagia makumbusho, alimkuta dirishani amekamata nondo kwa mikono miwili, maziwa yamelowesha blauzi.

"Mama Filister, nitoe. Mlango uko wazi na siwezi kutoka."

Filister hakuingia. Alinusa, akarudi hatua moja. "Nyathina, mwanangu," akanong'ona, "nani alivaa hiyo koti?"

"Mimi, jana. Ile sanamu ya kuvalishia imevunjika, na picha zilitakiwa. Nililivaa vile lililetwa. Dakika mbili tu!"

"Likiwa limegeuzwa?"

"Ndiyo."

"Mayoo! Wewe mtoto wa Ntimaru, mila zetu huzijui, si ungeniuliza? Kuuliza si ujinga!" Akashusha tena sauti. "Kwetu zamani mjane alivaa koti ya bwana yake limegeuzwa. Hiyo ndiyo chola, nguo ya msiba. Hatoki boma ya marehemu mpaka mwanaume wa ukoo amvue. Bibi ya Ogweno alikufa nayo mwilini. Hakuna mtu alimvua. Sasa huyo jachien, huyo mzimu wake, bado anangoja mjane wake. Na vitu vyake vyote viko humo ndani. Hapo ndipo kwake."

"Lakini nililivua mwenyewe!"

"Mjane hajivui."

Palepale Filister akawapigia simu wanaume wa ukoo wa Ogweno, walioleta koti. Wa kwanza alisikiliza, akakata. Wa pili alikuwa amezima.

"Nitaenda kwao mwenyewe," akasema. "Lakini sikia. Mjane hata azae na nani, mtoto huitwa wa marehemu. Usikubali Nyangi avuke huo mlango. Umesikia?"

Mellen akainama kujifuta maziwa. Blauzi yake mwenyewe ilikuwa imegeuka, mishono nje. Nyuma yake, kwenye kigoda, mtu akakohoa. Hakuthubutu kuangalia.

Saa tisa mumewe, Byron, akafika na mtoto begani.

"Mama Nyangi, huyu amelia tangu asubuhi mpaka sauti imeisha. Toka basi!"

"Usiingie! Byron, nakuomba, usiingie. Mlete dirishani."

Byron akaona uso wake, hakubishana. Akamwinua mtoto, naye Mellen akajibana kwenye nondo mpaka mbavu zikamuuma, akapitisha ziwa, na Nyangi akalidaka, akameza, akameza tena, na kwa kitambo hicho Mellen hakusikia lolote duniani ila koo la mwanawe, akafurahi, akalia, ingawa nyuma yake kigoda kilikuwa kimelia kama kinavyolia mtu akiinuka, na tumbaku ilikuwa imesogea mpaka kwenye kisogo chake, na pumzi ya mwanaume, nzito, isiyo na haraka, pumzi ya mwenye nyumba anayetazama watu wake wakila.

Nyangi akaachia ziwa. Akatazama juu ya bega la mama yake, akatabasamu kwa ufizi mtupu, akapenyeza mkono kati ya nondo kama anayetaka kubebwa.

"Mtoe!" Mellen akausukuma ule mkono nje. "Mpeleke mbali! Kimbia!"

Byron akakimbia. Alipofika langoni akasimama kumfunika mtoto shali vizuri. "Lakini Mama Nyangi," akaita, "mbona ulimvalisha hivi?"

Mellen alimvalisha kwa mikono yake asubuhi: sweta ya njano, bata wawili kifuani. Sasa hapakuwa na bata. Palikuwa na nyuzi na mishono tu.

"Byron, usivuke lango!"

Alikuwa amekwisha kuvuka. Alisimama barabarani amekumbatia shali, akaifunua, akaikung'uta, akaanza kupiga mayowe.

Nyuma ya Mellen, kwenye kigoda, Nyangi akacheka.