Kitabu cha Wageni wa Bandari Kavu

KUH: MAJI KUTUAMA KANDO YA NANGA, BUSTANI YA KUMBUKUMBU YA WAGENI WA BANDARI KAVU, ISIOLO.

Hiyo ilikuwa barua ya nne ya Ewoi, mtunza bustani, kuhusu dimbwi lile lile. Isiolo haina bahari, lakini tangu ugatuzi uje kaunti iligundua kwamba misafara ya Waarabu na Wasomali kutoka pwani iliwahi kunywesha ngamia hapo, basi ikawajengea nanga ya saruji. Kisima chao cha kale kilizibwa ili nanga isimame wima. Afisi ya kaunti ilizijibu barua zote kwa sentensi moja: kwanza tuletee idadi ya wageni. Bila wageni bustani ingefungwa, na Ewoi angehamishiwa Oldonyiro, mbali na nyumbani. Akal, mkewe, alikuwa kitandani kule Burat kwa miezi saba sasa, hageuki bila kugeuzwa. Ewoi hakutaka makuu. Alitaka kufika nyumbani kila jioni.

Jumanne, jua la utosi, dimbwi likanuka ngamia. Kisha kengele za mbao, zile za shingoni, zikagonga chini ya saruji. Ewoi alikuwa amechoka mno hata kuogopa. Alipoinua macho, mtu wa kanzu alikuwa dirishani pa kibanda chake, akichuruzika maji ambayo hayakulowesha vumbi.

"Unatoka wapi?"

"Zeila, pwani ya Wasomali. Nina kiu."

Ewoi akaandika katika kitabu cha wageni: namba moja. Nyuma yake alikuwepo mwingine, wa Maskati. Nyuma ya huyo, foleni.

Saa tisa Habsa, mfagiaji, Mborana wa Merti, akaja kurudisha ufagio. Akakiona kitabu.

"Mzee, hawa umewapa namba?"

"Si wageni? Afisi inataka namba."

Habsa akashusha sauti. "Kwetu kisimani anayepanga zamu ni mtu mmoja, aba herega. Akishaanza, haondoki mpaka mnyama wa mwisho anywe."

"Mimi Mturkana, mama. Hayo sikujua."

"Wao wanajua."

"Basi wanywe, waende."

"Wanywe wapi, na kisima mmeziba?"

Ewoi akafungua ukurasa wa mwisho apime foleni, akakuta umejaa namba, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino bado mbichi, na saa za kazi zilipokwisha akabeba mfuko wake akatoka langoni bila kugeuka nyuma, kengele zikimfuata, harufu ya ngozi mbichi ikimkaa kooni, akashika njia ya Burat, akapita kambi ya jeshi, akaliona bati la nyumba yake na akamsikia Akal akikohoa ndani, akanyoosha mkono kusukuma mlango, na mkono ukagusa dirisha la kibanda chake bustanini, ambako mtu wa kanzu aliuliza, kwa upole, kama zamu yake imefika.

Mwezi uliofuata barua ililetwa, ikasukumwa chini ya mlango wa kibanda kwa kukosa wa kuipokea. KUH: PONGEZI KWA ONGEZEKO LA WAGENI.

Anayemgeuza Akal siku hizi ni Habsa. Ewoi hakufika nyumbani.